Mgonjwa Anayerudi: Hotuba kwa Wamiliki wa Famasi Binafsi na Maduka ya Dawa Muhimu, Kigoma

Ndugu wamiliki wa famasi, wafamasia wasimamizi, wateknolojia wa dawa, na ninyi watoa dawa wa maduka ya dawa muhimu mliotoka Ujiji, Mwanga, Gungu, Kibirizi na vijiji vya kando ya ziwa: wakubwa zangu, shikamooni, wengine wote, habari za asubuhi.

Swali la leo ni moja. Famasi isiyo na tawi wala kampuni kubwa nyuma yake inakuaje katika mji kama wetu? Wengi tunajibu haraka: ongeza rafu, leta vipodozi, fungua duka la pili Kasulu. Jibu langu ni lingine. Famasi ya mtaani inakuzwa na mgonjwa anayerudi kila mwezi kwa dawa ileile, na huyo harudishwi na rafu. Anarudishwa na kazi inayofanyika kaunta na kwenye daftari. Kwa hiyo leo nitaongea zaidi habari za kaunta na daftari.

Tuanze na pesa ya hapa, kwa sababu Kigoma ina kalenda yake. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mwezi ukishakuwa mpevu, mitumbwi mingi inavutwa mwaloni, na wiki ile pesa inapotea sokoni, kwa mama ntilie, kwa bodaboda, na kwenye kaunta zetu pia. Mwaka 2024 tuliona zaidi ya hapo: ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Famasi iliyokuwa ikiishi kwa mauzo ya siku kwa siku ililemewa. Famasi yenye wagonjwa wa presha na sukari walioandikwa daftarini ilipungukiwa, lakini iliweza kupanga, kwa sababu ilijua mwezi ujao nani anahitaji nini.

Fanyeni hesabu hii pamoja nami. Tuseme una wagonjwa 60 wa presha, kila mmoja anameza amlodipini ya miligramu 5, kidonge kimoja kwa siku. Hivyo ni vidonge 60 kwa siku, 1,800 kwa mwezi. Mzigo wako kutoka kwa muuzaji wa jumla, Dar es Salaam au Mwanza, tuseme unachukua siku 10 kufika, na unataka akiba ya siku 7 kwa ajili ya gari kuharibika au barabara kukatika na mvua. Siku 17 mara vidonge 60 ni 1,020. Basi rafu ikishuka kufikia vidonge 1,020, siku hiyohiyo unaagiza. Usingoje kopo liishe. Namba hiyo iandike kwa kalamu nene kwenye ukingo wa rafu, chini ya dawa yenyewe, ili hata kijana aliyeanza kazi jana aione. Dawa ya malaria huwezi kuipangia kwa uhakika wa namna hii, maana inapanda na mvua na kushuka na kiangazi. Dawa ya mgonjwa wa kudumu unaweza.

Sasa, mgonjwa huyo anapatikanaje? Anapatikana kwa kupimwa vizuri na kusikilizwa. Mashine ya presha ipo karibu kila famasi, ila namna tunavyoitumia inatia shaka. Mtu ametembea kutoka sokoni juani, amebeba mzigo, anafika na kunyoosha mkono akiwa amesimama, tunafunga mkanda juu ya shati, tunasoma 158 kwa 96, tunamwambia ana presha. Kipimo hicho hakifai kitu. Akae dakika 5 kwanza, mgongo umeegemea kiti, miguu yote miwili chini bila kukunja nne. Mkono ulale mezani, usawa wa moyo. Mkanda ufungwe kwenye ngozi tupu, na uwe wa saizi ya mkono wake, kwani mkanda mdogo kwenye mkono mnene unapandisha namba. Asiwe ametoka kunywa kahawa au kuvuta sigara ndani ya nusu saa. Asiongee. Pima mara mbili, ukipisha dakika moja au mbili, na uandike zote mbili. Ikiwa 140 kwa 90 au zaidi, arudi siku nyingine upime tena, kisha umpe karatasi yenye vipimo vyote aende kwa daktari. Ikifika 180 kwa 110 na anaumwa kifua, anahema kwa shida, haoni vizuri au kichwa kinampasuka, huyo hangoji siku nyingine. Mtafutie usafiri aende hospitali ya Maweni saa hiyohiyo.

Mgonjwa akishaanzishiwa dawa na daktari, kazi yako ndiyo inaanza. Mwandikie kadi: jina, simu, dawa na nguvu yake, siku aliyochukua, siku itakayoisha, vipimo vyake. Siku 5 kabla ya dawa kuisha, mpigie au mtumie ujumbe. Na hapa naomba umakini mkubwa. Simu nyingi za nyumbani zinashikwa na watu wengi. Ujumbe useme tu "dawa zako zipo tayari dukani", bila jina la ugonjwa wala jina la dawa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatuhusu na sisi, na hata kama isingekuwepo, siri ya mgonjwa ni amana.

Anaporudi, muulize maswali matatu kabla ya kugusa rafu. Umezimeza kila siku? Kuna kitu kimebadilika mwilini? Kuna dawa nyingine unatumia? Swali la tatu ndilo linaloibua mengi. Wavuvi na wabeba mizigo wetu wana maumivu ya mgongo, na wengi wanameza diklofenaki karibu kila siku. Dawa hizo za maumivu huzuia mwili kutoa chumvi na maji, zinapandisha presha na kuchosha figo. Utamwona mtu anameza dawa ya presha kwa uaminifu na namba haishuki, daktari anaongeza dozi, kumbe tatizo ni vidonge vya mgongo anavyonunua kwenye duka la jirani, pengine lako mwenyewe. Swali la pili nalo lina majibu yake. Amlodipini huvimbisha vifundo vya miguu kwa baadhi ya watu. Enalaprili, nayo ya presha, na ndugu zake huleta kikohozi kikavu kisichosikia dawa ya kifua, na mwanamke mwenye ujauzito hatakiwi kuzitumia. Metformini, dawa ya sukari, inasumbua tumbo ikimezwa bila chakula. Asipoulizwa, mgonjwa anaacha dawa kimyakimya, na utasikia habari zake amepooza.

Kuna jambo la kukata dozi. Mteja anakuja na pesa pungufu, anasema "nipe nusu". Wengi tunatoa nusu kwa kila dawa, au tunakataa kwa kila dawa. Tutenganishe. Dawa ya kudumu unaweza kumuuzia ya wiki: vidonge 7 leo, 7 Jumatatu ijayo, mradi arudi. Mwili wake haupungukiwi kitu. Wakati wa giza, samaki wakiwa wengi, mshauri anunue za siku 30 kwa mkupuo ili mbalamwezi isimkute mkononi hana kidonge. Lakini antibayotiki na dawa ya mseto ya malaria hazikatwi hata kidogo. Dozi isiyotimia ya antibayotiki inaua vimelea dhaifu na kubakiza wale wagumu, nao ndio wanaosambaa nyumbani mwake na mtaani kwako. Pesa haitoshi? Tafuta aina ya bei nafuu ya dawa ileile. Bado haitoshi? Afadhali umkopeshe kiasi kilichopungua na uandike deni kuliko kumpa vidonge 6 vya amoksilini. Na antibayotiki itoke kwa cheti cha daktari. Najua jirani anauza bila cheti na mteja atakwenda kwake. Aende. Anayekuja kila mwezi kwa dawa zake ataendelea kuja kwako.

Kwenye mseto nataka nikae kidogo, kwa sababu tunaiuza kila siku na tunaieleza vibaya. Mtu mzima mwenye kilo 35 na kuendelea anameza vidonge 4 kwa mara moja, mara 6, jumla 24 kwa siku 3. Mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 kidonge 1, kilo 15 hadi chini ya 25 vidonge 2, kilo 25 hadi chini ya 35 vidonge 3. Kwa hiyo mzani uwepo kaunta. Umri peke yake unadanganya. Dozi ya pili ni baada ya saa 8, ya tatu ni saa 24 tangu ya kwanza, kisha kila baada ya saa 12. Tunapokosea ni kusema "meza asubuhi na jioni" halafu mtu anaondoka. Aliyeanza saa 4 asubuhi, ya pili ni saa 12 jioni, hana tatizo. Aliyeanza saa 11 jioni, ya pili inaangukia saa 7 usiku. Amelala. Mwandikie saa zote sita kwenye bahasha, mwambie aweke kengele kwenye simu. Akitapika ndani ya nusu saa, arudie dozi ileile, na aje achukue ya kufidia. Halafu chakula: moja ya dawa mbili zilizomo humo hufyonzwa vizuri ikikutana na mafuta, na ikimezwa kwa chai kavu sehemu kubwa inapita tu. Sisi wa Kigoma hatuna haja ya kumwambia mtu atafute maziwa. Ugali na dagaa wa mawese vinatosha kabisa. Yote haya ni baada ya kipimo kuonyesha malaria. Homa bila kipimo tuipeleke zahanati, na mtoto mwenye degedege, asiyenyonya au anayetapika kila kitu asikae kaunta hata dakika.

Tuje stoo. Dawa nyingi kwenye boksi zimeandikwa zitunzwe chini ya nyuzi 30. Bati bila dari, mchana wa Septemba, linavuka hapo kwa urahisi. Piga dari, ziba dirisha linalopigwa jua la alasiri, ning'iniza kipimajoto katikati ya chumba kwa urefu wa kifua, andika asubuhi na alasiri kila siku. Maboksi yakae juu ya pallet, angalau sentimita 10 kutoka sakafuni na 30 kutoka ukutani, upepo upite na panya waonekane. Masika unyevu unaharibu vidonge vya makopo. Kifuniko kikiachwa wazi kuanzia asubuhi, jioni vidonge vya juu vimelainika.

Friji ni somo lenyewe. Insulini na oksitosini zinataka nyuzi 2 hadi 8. Kinachoiharibu insulini kimyakimya ni kuganda kuliko joto. Insulini iliyoganda ikayeyuka inaweza kuonekana safi machoni, nguvu imekwisha, na mgonjwa anajichoma kila siku huku sukari ikipanda. Usiiweke kwenye mlango, usiigusishe na ukuta wa nyuma wala karibu na sehemu ya barafu. Weka rafu ya katikati, ndani ya boksi lake. Chini kabisa panga chupa za maji: umeme ukikatika, maji yale yaliyopoa yanashikilia ubaridi kwa muda, nawe usifungue mlango. Soda na chakula cha mchana vitafutiwe mahali pengine, maana kila mlango unapofunguliwa kipimajoto kinaruka.

Mgonjwa wa Kalya au Mwamgongo anayesafiri kwa boti na chupa yake ya insulini mfungie ndani ya kiboksi cha kupoozea, lakini kipande cha barafu kisiguse chupa. Kiviringishe kwa gazeti na kitambaa, na kabla ya hapo kikae nje ya friza mpaka kianze kutoa jasho. Nyumbani kwake hakuna friji. Mwambie aweke chupa ndani ya chungu kidogo kilichokaa ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga unaomwagiwa maji asubuhi na jioni, kivulini penye upepo. Chupa aliyoanza kuitumia idumu wiki 4, basi. Andika tarehe ya kufungua juu yake kabla hajaondoka.

Kuhusu dawa kuisha muda, tatizo kubwa liko kwenye mkasi. Stripu ya vidonge 10 imechapwa tarehe ya mwisho wa matumizi na namba ya toleo upande mmoja tu. Tukikata kuanzia upande wenye maandishi, vidonge 6 vilivyobaki havina jina wala tarehe. Miezi miwili baadaye viko ndani ya kikopo na hakuna anayejua ni vya lini. Kata daima kuanzia upande usio na maandishi. Mzigo mpya ukifika, wenye tarehe ya mbali urudi nyuma, unaokaribia utangulie mbele. Mara moja kila mwezi pitia rafu nzima, na chochote kilichobakiza miezi 6 kifungwe utepe mwekundu. Zilizokwisha muda zitoke rafuni siku hiyo, zifungwe pembeni na kuandikwa, kisha muombe TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, utaratibu wa kuziteketeza. Zisimwagwe jalalani, na kwa hakika zisimwagwe ziwani tunapochota maji na kuvua.

Mjue pia hasara yake kwa hesabu. Umenunua boksi kwa shilingi 10,000, unauza 12,500. Faida ni 2,500. Boksi moja likiisha muda, umepoteza faida ya maboksi manne mengine, na hapo hujalipa kodi ya pango, mshahara wala umeme. Ndiyo maana bei ya punguzo kwa maboksi 50 ya dawa inayotoka maboksi 3 kwa mwezi ni mtego, hata muuzaji akileta kwa mkopo wa siku 60.

Bima. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepitishwa 2023, na kadiri wananchi wengi wanavyoingia, famasi yenye mkataba itapata wateja ambao leo hawapo. Lakini bima inalipa baadaye, wakati muuzaji wa jumla anataka chake sasa. Kabla hujaingia, uwe na mtaji wa kuendesha upande huo miezi miwili hadi mitatu bila kupokea chochote. Halafu fomu zikaguliwe siku ileile, mgonjwa akiwa bado mbele yako. Madai yanakatwa kwa mambo madogo sana: sahihi ya mgonjwa haipo, namba ya uanachama imekosewa tarakimu moja, idadi ya vidonge kwenye fomu hailingani na cheti, dawa haimo kwenye orodha ya mkataba, bei imeandikwa ya kaunta badala ya iliyokubaliwa. Mtu mmoja apewe kazi hiyo kila jioni. Ukisubiri mwisho wa mwezi, mgonjwa amekwenda Uvinza na sahihi yake huipati.

Wanaofikiria tawi la pili, nasema pole pole. Kila famasi inahitaji kibali chake na mtaalamu wake anayeisimamia. Jina la mfamasia ukutani bila mfamasia ndani ni kosa mbele ya Baraza la Famasi na ni hatari kwa mgonjwa. Kipimo changu ni hiki: mwenye duka akiondoka mwezi mzima, akirudi hesabu ya stoo na hesabu ya leja zikutane. Kama hazikutani kwenye duka moja, mawili yatakuangusha. Na mwenye kibali cha rejareja asianze kuuzia maduka ya dawa muhimu kwa katoni. Hiyo ni biashara ya jumla, ina kibali kingine.

Badala ya tawi, tuagize pamoja. Famasi tano za Kigoma mjini, kila moja ikiagiza katoni mbili za maji ya dripu, zinalipa usafiri mara tano na kupewa bei ya mteja mdogo. Zikiagiza siku moja kwa muuzaji mmoja mwenye kibali, mzigo unakuja kwa gari moja. Kila famasi iwe na ankara yake kwa jina lake, na risiti yake ya EFD, ile mashine ya kodi. Bila hivyo mkaguzi akija hakuna anayeweza kuonyesha dawa zimetoka wapi, na ikitokea toleo moja linarudishwa kiwandani hatutajua limelala rafu ya nani.

Kwa wanaotaka kuanza, lete orodha yenye safu nne: jina la dawa na nguvu yake, wastani wa matumizi ya mwezi kwa miezi mitatu iliyopita, kilichopo rafuni leo, na kiasi unachohitaji. Safu ya pili itoke kwenye leja, isikisiwe. Ukipokea mzigo, fungua katoni mbele ya dereva, hesabu, soma tarehe ya mwisho na namba ya toleo ya kila boksi, linganisha na ankara, ndipo utie sahihi. Boksi lililolowa au lililovunjwa lakiri liandikwe kwenye nakala ya dereva palepale, kwa sababu gari likishapita Mwandiga madai hayo hakuna atakayeyapokea.